Maji ya masika machimboni: njia tatu za kushika tope, na ipi ifae wapi

Mwenye machimbo ya mchanga, mawe au kifusi hapa Unguja na Pemba hukabiliwa na uamuzi mmoja kila inapokaribia masika: maji yatakayopita juu ya ardhi aliyoichimbua yashikwe wapi, na kwa muda gani, kabla ya kuachiwa yaende zake. Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni bwawa la kupitisha, ambalo maji huingia upande mmoja, hupunguza mwendo, huacha tope chini, na kutoka upande wa pili huku mvua ikiendelea kunyesha. Ya pili ni bwawa la kufunga, ambalo hupokea maji ya mvua nzima na kuyazuia mpaka yatulie, ndipo yafunguliwe. Ya tatu ni shimo la kunywesha, yaani kuyaelekeza maji kwenye shimo lililokwisha kuchimbwa ili ardhi yenyewe iyanywe. Aghalabu mtu huchagua ile ambayo kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kimeweza kuichimba kwa siku moja, ilhali wenye haki ya kuchagua ni udongo wa pale pale na mahali maji yanapoishia.

Wakulima wetu wameshatugawia udongo huo kwa majina tangu zamani, na mgawanyo wao unatosha kabisa kwa kazi hii. Kichanga ni mwepesi na hupitisha maji. Kinongo ni ule mwekundu au wa kahawia unaokaa juu ya mawe ya chokaa. Kinamo ni mzito, hunata na kushika maji, ndio ulioko mabondeni kwenye mpunga. Na uwanda ni ardhi ya maweni, yenye udongo haba juu ya mawe ya matumbawe yaliyojaa nyufa. Machimbo yanaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja, kwa mfano kinongo juu na maweni chini, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu.

Kwa mvua, Unguja hupata wastani wa takriban milimita 1,600 kwa mwaka na Pemba takriban 1,900, sehemu kubwa ikinyesha wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli, Oktoba hadi Disemba. Wastani wa mwaka, hata hivyo, haumsaidii mtu kupima bwawa. Kinachopima bwawa ni saa moja ya mvua kubwa ya Aprili. Mvua ya milimita 10 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 100 za maji; ikinyesha kwa kasi ya milimita 50 kwa saa, na nusu yake ikatiririka badala ya kunywewa na ardhi, hekta hiyo moja hutoa mita za ujazo 250 kwa saa, sawa na lita 69 hivi kwa kila sekunde. Tutaitumia hekta hii kulinganisha njia zote tatu.

Sasa tuitazame chembe yenyewe inavyozama. Kanuni ni kwamba kipenyo cha chembe kikipungua mara kumi, mwendo wake wa kuzama hupungua mara mia. Chembe ya sehemu mbili za mia za milimita (0.02), ambayo bado ni vumbi la mchanga, huzama milimita 0.36 kwa sekunde katika maji yaliyotulia, hivyo huchukua dakika 46 kushuka mita moja. Chembe ya kinamo yenye milimita 0.002 hushuka sentimita 31 tu kwa siku nzima. Maji yetu yenye joto huziharakisha kidogo chembe hizo, lakini tofauti baina yao inabaki ile ile.

Kutokana na hayo hupatikana eneo la bwawa la kupitisha: mtiririko wa maji ukigawanywa kwa mwendo wa kuzama. Ili kuishika chembe ya milimita 0.02 kwenye hekta yetu, bwawa linahitaji uso wa mita za mraba 193. Ili kuishika chembe ya milimita 0.002, linahitaji mita za mraba 19,300, yaani karibu hekta mbili, mara mbili ya machimbo yenyewe. Hakuna mwenye machimbo atakayechimba bwawa kubwa kuliko machimbo yake, na kwa hiyo kwenye kinamo ukubwa peke yake hauwezi kuwa jibu. Angalia pia kwamba kina hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Kina huhifadhi tope na kulizuia lisitibuliwe tena, lakini anayechimba shimo refu kwenda chini na jembamba juu, kwa kuwa ndivyo mkono wa kijiko unavyopenda, amejinyima kile kile alichokihitaji, ambacho ni upana wa uso wa maji.

Kabla ya kuita kijiko, kuna kipimo kinachoweza kufanywa na yeyote. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyo safi, ambayo urefu wake ni karibu sentimita 30, uitie maji ya tope yaliyochotwa machimboni wakati mvua inanyesha. Ikiwa ni kiangazi, tia maji ya kisima pamoja na vijiko viwili vitatu vya udongo. Itikise vizuri, uisimamishe mahali pasipoguswa, na utazame saa. Mchanga utaonekana chini kabla ya dakika moja kupita. Baada ya robo saa, chembe zote za milimita 0.02 na zaidi zimeshafika chini, hivyo uchafu wowote unaobaki juu ni ule ambao bwawa la kupitisha la ukubwa wa kawaida halitaushika. Baada ya siku moja, maji yakiwa bado yana rangi ya chai ya maziwa, hizo ni chembe ambazo haziwezi kuachiwa kuzama zenyewe, na itabidi zisaidiwe. Chupa tatu zilizochotwa sehemu tatu za machimbo, zikipangwa juu ya tofali na kutazamwa robo saa na kesho yake, humwambia mwenye kazi mambo ambayo ramani haitamwambia.

Bwawa la kupitisha ndilo linalotuzoeleka, na sifa yake kubwa ni kwamba halihitaji mtu. Mvua ikinyesha saa tisa usiku, linafanya kazi. Linafaa kwenye kichanga, kwenye kifusi chenye mchanga mwingi, na popote ambapo chupa imesafika ndani ya robo saa. Urefu wake usipungue mara tatu ya upana, ili maji yawe na safari ya kutosha. Kwa hekta yetu, bwawa la mita 9 kwa 27 lina mita za mraba 243, ambazo zinazidi kidogo zile zinazohitajika, na ziada hiyo ni muhimu kwa kuwa maji ya bwawani hayatulii kama ya chupani.

Udhaifu wake hutokana mara nyingi na mahali pa kuingilia na pa kutokea. Ukisimama pembeni mwa bwawa lililochimbwa vibaya wakati wa mvua, utaona mstari wa maji mekundu unaokata moja kwa moja kutoka mdomo wa mtaro hadi kwenye bomba la kutolea, huku pembe mbili za bwawa zikiwa zimetulia, hata majani yaliyoelea hapo hayasogei. Bwawa la namna hiyo, hata likiwa na mita za mraba 243 kwenye karatasi, kwa kweli linatumia labda theluthi yake. Tiba yake ni kuweka maingilio na matokeo kwenye ncha mbili zilizo mbali, na pale ambapo kiwanja hakiruhusu, kujenga ukuta wa mawe au wa viroba vya mchanga katikati ili maji yalazimike kuzunguka. Matokeo yachote maji ya juu, kamwe si ya chini. Na lazima pawe na njia ya pili ya dharura, pana, iliyotandikwa mawe, kwa mvua itakayozidi hesabu. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake hukatika, na likikatika hushuka na tope la msimu mzima kwa mpigo mmoja.

Bwawa la kufunga linatumia hoja tofauti: badala ya kushindana na mtiririko, linausimamisha. Hupimwa kwa ujazo. Tukichukua mvua ya milimita 60 juu ya hekta yetu, na udongo mzito unaotiririsha sehemu saba za kumi, tunapata mita za ujazo 420. Tukiongeza theluthi ya nafasi kwa ajili ya tope, tunafika 560, na kwa kina cha mita moja na nusu bwawa lote litachukua kiasi cha mita za mraba 370. Linganisha na zile 19,300. Kwa machimbo yenye kinamo, au kinongo ambacho chupa yake haikusafika, sioni njia nyingine inayostahili kuitwa bwawa.

Ila njia hii humtaka mtu, na humtaka kila siku. Maji yakishatulia, au yakishasaidiwa kutulia, lazima yatolewe haraka ili bwawa liwe tupu kabla ya mvua inayofuata. Nchini Australia, ambako mabwawa haya yametumika sana kwenye udongo wa namna hiyo, muda unaokubalika kwa kawaida ni siku tano. Hapa kwetu Aprili haitoi siku tano. Bwawa la kufunga lililobaki limejaa linageuka kuwa bwawa la kupitisha lililo baya, kwa hiyo palipo na kinamo na masika ya kweli panahitajika mabwawa mawili yanayopokezana, moja likipokea na jingine likitulia. Gharama ya ardhi inakuwa maradufu, na hilo linafaa lisemwe mapema kabla ya mkataba wa shamba kutiwa saini.

Kuyasaidia maji kutulia si jambo geni. Shabu, ile ile ambayo watu wameitumia kusafishia maji ya ndoo, hufanya chembe zishikamane na kuwa nzito. Kipimo hutafutwa kwa chupa, kwa kuanzia miligramu chache kwa lita na kupanda. Kwa mita za ujazo 420, kipimo cha miligramu 50 kwa lita ni kilo 21. Tahadhari yake ni kwamba shabu huongeza ukali wa asidi ndani ya maji. Maji yaliyopita kwenye maweni yana chokaa ya kutosha kuizuia asidi hiyo, lakini maji ya kinamo cha bondeni huenda hayana, na samaki hudhurika. Jasi haibadilishi asidi kwa kiasi hicho, lakini hutumika kwa wingi zaidi, takriban kilo 30 kwa kila mita za ujazo 100, ambazo kwa bwawa letu ni kilo 126. Hubebwa kwa gari, huchanganywa na maji kwenye pipa na kunyunyizwa juu ya uso wote. Kumwaga gunia zima kwenye pembe moja ni kuitupa. Ipo pia dawa ya viwandani ya nyuzi za polima, lakini zile zenye chaji chanya hushika matamvua ya samaki, yale wanayovutia hewa, na kwa mabonde yanayoingia kwenye hori na mikoko mimi nisingeziruhusu.

Kutoa maji kuna ufundi wake pia. Mdomo wa bomba la pampu ukilala chini huvuta tope lote lililongojewa. Hufungwa kwenye dumu tupu la lita 20 linaloelea, ukining'inia sentimita chache chini ya uso wa maji, na hushuka pamoja na maji yanavyopungua; mtu husimama kwenye matokeo na kuzima pampu mara tu rangi inapobadilika. Jambo jingine linalolipa bwawa hili sifa ni mbu: kwa kuwa mbu wa malaria huhitaji wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, bwawa linalokaushwa ndani ya siku tano haliwapi nafasi, ilhali bwawa la kupitisha lenye maji ya kudumu huwapa.

Tukija kwenye shimo la kunywesha, tunakuja kwenye njia iliyo rahisi kuliko zote na yenye hatari inayofichika kuliko zote. Kwenye kichanga, kama kile cha machimbo ya ukanda wa Donge, hoja yake ni nzuri: mchanga huchuja, shimo lipo tayari, na hakuna maji yanayotoka kwenda kwa jirani. Masharti ni mawili. Sakafu ya shimo isikaribie maji ya chini ya ardhi. Ibaki angalau mita moja ya mchanga mkavu baina yao, na kipimo hicho kichukuliwe mwishoni mwa masika, wakati maji ya chini yamepanda, wala si Februari. Na maji yapite kwanza kwenye bwawa dogo la kuacha tope, kwa sababu tope laini hutanda kwenye sakafu na kuifunga kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na baada ya mvua kadhaa shimo lililokuwa likinywa linageuka ziwa. Ukoko huo hukwanguliwa kiangazi, ukiwa umekauka na kupasuka vipande.

Kwenye uwanda mambo ni kinyume kabisa, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Shimo la machimbo ya mawe hunywa maji kwa kasi ya kupendeza; mtu huona mita za ujazo mia zimetoweka kabla ya adhuhuri na kudhani tatizo limekwisha. Maji hayo hayakuchujwa. Yamepita kwenye nyufa na mapango, pamoja na tope lake, na pamoja na dizeli iliyomwagika chini ya mashine ya kusaga kokoto. Sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya visiwa hivi hutoka chini ya ardhi, na vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja vimechota maji mapangoni tangu enzi za mababu. Kipimo ni hiki: mwaga pipa la maji ya tope kwenye sakafu ya shimo, yakizama polepole na kuacha tope juu, ardhi inachuja, yakipotea kwenye ufa pamoja na tope lake, hapo pameshakuwa mdomo wa kisima cha mtu mwingine. Mahali pa namna hiyo pazibwe kwa udongo mzito ulioshindiliwa, na maji yaelekezwe kwenye bwawa la kufunga lililotandikwa kinamo. Bahati nzuri ni kwamba maji ya maweni, kwa chokaa iliyomo, mara nyingi hutulia haraka kuliko ya kinongo, na yakishatulia yanafaa kumwagiwa njia za magari na mashine ya kokoto ili kuzuia vumbi. Kwa machimbo mengi ya mawe, matumizi hayo peke yake yanaweza kumaliza sehemu nzuri ya bwawa.

Njia yoyote itakayochaguliwa, mtaro wa juu unatangulia. Maji safi yanayotoka mashambani juu ya machimbo yakizungushwa kwa mtaro na tuta kabla hayajagusa udongo uliochimbuliwa, kila hekta iliyozungushwa huondoa zile mita za ujazo 250 kwa saa kwenye hesabu ya bwawa. Hakuna bwawa lililo rahisi kuliko mtaro huo. Ndani ya machimbo, mitaro ya barabara iwekewe vizuizi vya mawe, vilivyo chini katikati kuliko pembeni ili maji yasizikate kingo. Kwenye mteremko wa asilimia 5, vizuizi vya nusu mita vikae mita 10 kutoka kimoja hadi kingine, ili kilele cha cha chini kilingane na kitako cha cha juu yake. Hivi vinashika mchanga na changarawe tu, lakini kila ndoo vinayoishika ni ndoo ambayo haitazolewa bwawani.

Kuzoa tope kufanywe Januari au Februari, kisha Septemba kabla ya vuli. Nguzo iliyopakwa rangi katikati ya bwawa, yenye alama kwenye theluthi ya kina, huondoa ubishi wa kama wakati umefika. Tope lililozolewa hutandazwa juu ya sehemu za machimbo zilizokwisha kazi, ambako litaotesha kitu. Halitupwi ukingoni mwa mikoko.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, na mpango wa maji ya mvua unafaa uwe ndani ya tathmini ya mazingira tangu mwanzo, si baada ya malalamiko. Anayetaka kigezo cha kujipimia anaweza kutumia kile cha IFC, shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, cha mwaka 2007 kwa migodi: chembe zinazoelea zisizidi miligramu 50 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi, iwe kati ya 6 na 9. Palipo na chanzo cha Mamlaka ya Maji, ZAWA, karibu, waulizwe kabla ya shimo lolote la kunywesha.

Nikiulizwa nichague, basi: kichanga kilicho mbali na maji ya chini, shimo la kunywesha lenye bwawa dogo mbele yake. Kichanga kilicho karibu na maji ya chini, au kifusi chenye mchanga, bwawa la kupitisha. Maweni, bwawa la kufunga lililozibwa chini, na maji yatumike. Kinongo, chupa iamue. Kinamo, mabwawa mawili ya kufunga.

Inabaki hali moja ngumu, nayo ni ya Pemba hasa: kinamo kwenye mteremko mkali juu ya bonde la mpunga, ambapo hakuna nafasi ya mabwawa mawili ya mita za mraba 370 kila moja. Hapo kinachopaswa kupunguzwa ni ardhi iliyo wazi. Robo hekta ikifunguliwa kwa wakati mmoja, mvua ile ile ya milimita 60 inatoa mita za ujazo 105. Pamoja na nafasi ya tope, 140. Na kila bwawa linashuka hadi mita za mraba 93. Mawili kwa pamoja hayafiki 190, na hizo hupatikana hata Pemba. Robo ya pili isifunguliwe mpaka ya kwanza imeshatandazwa udongo na kuota majani, hata kama mnunuzi wa kifusi amesimamisha magari yake barabarani.